Kukimbia Huku Unavuja

Nianze na mkojo, maana wote niliowasikia wakilizungumzia jambo hili hadharani huanza na kitu kingine. Huanza na "changamoto za akina mama", wakazunguka weee, mpaka mwenye shida aliyekaa kiti cha nyuma kabisa anaondoka bila kujua kama ni yeye aliyekuwa anasemwa. Mimi nilikuwa navuja mkojo. Nikikaa unatoka, nikisimama unatoka, nikilala ndiyo usiseme. Ilianza nilipojifungua mtoto aliyekwisha kufa, na ikaendelea zaidi ya mwaka. Ugonjwa huo unaitwa fistula. Nilitibiwa, nikapona kwa kiasi nitakachoeleza, halafu nikakimbia marathoni. Namwandikia yule wa kiti cha nyuma.

Naitwa Paskalina, ni fundi cherehani, naishi Bagara hapa Babati mjini. Mume wangu Damiano ni fundi ujenzi. Mimba yangu ya kwanza ilipofika mwezi wa tisa, mama mkwe alitaka niende kwake, upande wa Dareda, anihudumie mwenyewe. Ilikuwa masika. Uchungu ulinianza Jumatano, na hospitali nilifika Ijumaa, nimelazwa juu ya tela la trekta kwa sababu barabara ilikuwa tope tupu na hakuna gari lililokubali kuingia. Siku zile mbili sina wa kumlaumu peke yake. Mama mkwe alisema tusubiri kidogo, jirani akasema wa kwanza huchelewa, na mimi mwenyewe nikasema labda kesho. Mtoto alikuwa wa kiume.

Siku ya tano baada ya hapo, nimesharudi kwa mama mkwe, niliamka nimelowa. Nikadhani ni jasho, nikabadilisha shuka. Nikalowa tena kabla sijamaliza kutandika.

Sasa hapa lazima nieleze kitu cha kwetu, kwa sababu bila hicho hutaelewa tulivyopotea. Sisi Wairaqw tuna desturi inaitwa metimani. Mama aliyezaa mtoto mfu anakaa kwake. Haendi kwa majirani, hateki maji wanapoteka wenzake, hali chombo kimoja na watu, mpaka muda wake upite. Vijana wengi wameshaiacha, na kanisani hawaisemi. Mama mkwe hakosi ibada hata Jumapili moja, ila hilo hakuliacha. Akanitengea sahani na kikombe, akampangia Damiano chumba kingine. Alifanya kwa upole, sitamsingizia. Alikuwa ananiletea uji wa moto kila asubuhi na kuuweka mlangoni.

Nami nikaipokea desturi ile kwa mikono miwili. Hapo ndipo kosa letu lilipo, na nadhani ni sisi tu tungeweza kulifanya. Mama mkwe aliniona nimejifungia ndani, akafurahi kwamba mkwe wake anaheshimu mila. Kumbe mimi nilijifungia kwa sababu shuka zangu zilikuwa hazikauki. Nilikuwa nashukuru kwamba nina sababu ya kutoonana na mtu! Tuliporudi Bagara ikawa vilevile. Wateja walipokuja na vitambaa vyao, Damiano aliwaambia mke wangu hatoki kwa sasa, na waliojua mila wakaondoka bila swali la pili. Yeye mwenyewe alikuwa analala chumba cha mbele. Baadaye aliniambia kwamba harufu aliisikia, ila alidhani ni ya uzazi, ndivyo wanawake wanavyokuwa. Mwanaume mzima, anajua kupima nyumba kwa kamba isipinde, lakini hilo hakuweza kuuliza.

Miezi ikapita. Baridi ikaja, mbaazi zikavunwa. Ngozi ya mapaja ikababuka mpaka nikawa natembea nimetanua miguu. Nilipunguza kunywa maji nikidhani nitakausha, mkojo ukawa mkali zaidi na kuniunguza zaidi. Nilichana magauni yangu mawili mazuri nikashona vitambaa vya kujikinga. Wakati wa mimba watu walikuwa wameanza kuniita mama kijacho. Baada ya hapo hakuna aliyejua aniite nani, wakawa wanasema "yule wa Damiano". Hilo liliniuma kuliko mapaja.

Aliyetuvumbua ni Mama Zuhura, mwenye duka la vitambaa barabarani. Yeye ni Mwislamu, familia yao ilitoka Tanga zamani, na metimani hana habari nayo. Idd ilikuwa karibu, akaja na kitenge chake mkononi. Damiano alipoanza maelezo yake mlangoni, akampita.

"Hodi, hodi! Paskalina, utanishonea au nitembee uchi sikukuu hii?"

Akakaa kitandani kabla sijamzuia. Akainuka hapohapo, akatazama kiganja chake.

"Hii ni nini?"

Nikaanza kulia.

"Paskalina, nakuuliza. Ni mkojo?"

"Ni mkojo."

"Tangu lini?"

"Tangu mtoto."

"Miezi tisa? Ya Rabi! Damiano! Njoo hapa wewe!" Damiano akaja, akasimama kama mwanafunzi aliyechelewa. "Mkeo anavuja mkojo. Mnasubiri nini?"

"Tunasubiri muda wa mila uishe, Mama Zuhura."

"Mila? Mkojo una kabila? Huu ni ugonjwa, redioni wanausema, unatibiwa!"

Damiano akanitazama kama mtu aliyeamshwa ghafla. Nilimkasirikia sana siku ile, nikajikasirikia na mimi. Miezi tisa tulikuwa tumeishi nyumba moja na hakuna aliyesema neno lenyewe.

Tukaenda hospitali kubwa, safari ya basi ya siku nzima. Nilikalia mfuko wa nailoni na khanga tatu, na bado abiria wa mbele yangu alifungua dirisha kwenye baridi ya alfajiri. Hospitalini tulikuta benchi refu, na kila mwanamke kwenye benchi lile alikuwa amekunja khanga chini yake namna ninavyokunja mimi. Nikakaa. Hakuna aliyesogea pembeni. Mmoja wa Kondoa akaniuliza, "Wewe umetumia ngapi leo?" Nikamwambia nne. Akasema, "Mimi sita, nimekushinda," na benchi zima likacheka, na kwa kucheka tukalowa wote. Tulingoja pale siku tatu kabla sijaitwa. Kungoja kwingine kote kulinichosha, lakini zile siku tatu bado nazikumbuka kwa upendo.

Upasuaji wa kwanza ulishindikana. Nalisema wazi kwa sababu mimi sikuambiwa na mtu kwamba inaweza kutokea. Nililala na mpira wa mkojo wiki mbili, nimelala chali, mgongo unawaka. Siku ya kuutoa mpira nilivaa gauni jipya. Nikatembea kutoka kitandani mpaka mlangoni, na mlangoni nikasikia joto linateremka mguuni. Nesi alikuja na ndoo na dekio, akafuta. Ningeweza kung'oa ule mlango. Daktari akasema kidonda kipone kwanza, turudi baada ya miezi kadhaa. Ukiambiwa hivyo, dada yangu, lia siku hiyo, halafu uliza tarehe ya kurudi na uiandike.

Miezi ile ya kungoja ilikuwa mibaya kuliko tisa ya kwanza, kwa sababu sasa watu walikuwa wanajua. Baba mdogo wa Damiano alikuja wakati wa kuvuna alizeti, akamwuliza nikiwa nasikia, "Hivi wewe utakaa na mwanamke wa namna hii mpaka lini?" Damiano akajibu kwamba atafikiria. Atafikiria! Neno hilo alilifidia kwa kuchota maji, madumu sita kila asubuhi kabla ya kwenda kazini, na mimi sikumwambia asante kwa miezi miwili. Mama mkwe naye alikuja kututembelea, na alipoelezwa ukweli akarudi kwake siku hiyohiyo. Baada ya wiki akaja na furushi lake, akashika shuka zangu, akafua. Alifua mpaka siku niliyorudi hospitali. Hajawahi kuniomba radhi na mimi nimeacha kungoja.

Upasuaji wa pili ulishika. Asubuhi ya kwanza bila mpira nilipapasa godoro kwa mkono, lilikuwa kavu. Nikapapasa tena. Nikawaita wa kitanda cha kulia na wa kushoto waje wapapase.

Watu wanapenda niishie hapo. Wanataka wapige makofi waende zao. Lakini nilipofika nyumbani nilikohoa, na matone yakatoka. Nikicheka sana, yanatoka. Nikibeba ndoo, yanatoka. Nikampigia simu nesi wa wodini, akanieleza: "Paskalina, tundu limeziba. Ila koki yenyewe imelegea. Fanya mazoezi ya kubana niliyokufundisha, na kuwa na subira." Subira! Nilikuwa nimeshatumia ya maisha yangu yote. Hata hivyo nikabana. Nilibana nikiwa kwenye cherehani, nikiwa kanisani, nikiwa napika ugali. Mwaka ulipoisha daktari akaniruhusu kazi zote, hata kukimbia.

Alisema kukimbia kama mfano tu. Mimi shuleni nilikuwa mkimbiaji, na neno lile likaniganda kichwani.

Kwa hiyo gari la matangazo lilipopita Bagara likisema kuna marathoni ya kuchangia nyumba ya kusubiria wajawazito, nilisimamisha cherehani. Nyumba ya namna hiyo ingekuwepo karibu na hospitali wakati wangu, ningekuwa nimeshafika Jumanne, uchungu ungenikuta mlangoni. Nikaenda kujiandikisha siku hiyohiyo.

Mwenyekiti wa kamati alikuwa mama mmoja mwenye sauti nzuri na miwani ya kamba. Nilipomweleza mimi ni nani, akanishika mikono yote miwili.

"Mungu ni mwema! Tulikuwa tunatafuta mtu kama wewe. Utakaa jukwaani na mgeni rasmi, utatoa ushuhuda."

"Nimekuja kujiandikisha kukimbia."

"Kukimbia kilomita tano?"

"Arobaini na mbili."

Akavua miwani. "Mama, na ile hali yako?"

"Hali ipi?"

"Ile... changamoto."

"Mkojo?"

Akageuka kuangalia kama kuna aliyesikia. Akaniambia kwa upole kwamba wafadhili watakuwepo, na wapiga picha watakuwepo, na si vizuri jambo likatokea mbele za watu. Kwenye kiti ningekuwa salama. Nilitamani kumpigia kelele. Walitaka niwaeleze nilivyovuja, ila nikiwa mkavu, nimevaa fulana yao, nimetulia. Nikamwambia ushuhuda nitautoa nikimaliza mbio, kama bado wanautaka. Akaniandikisha kwa shingo upande.

Nilifanya mazoezi miezi mitano, asubuhi jua likianza kutoka. Mara ya kwanza nilifika njia panda tu ya karibu na kwetu, nikalowa, nikarudi nyumbani natembea. Wiki nzima hivyohivyo. Mteremko ndio ulikuwa adui yangu, kila kishindo kinatoa tone. Nikashona kaptula nyeusi yenye tabaka tatu ndani, nikaifumua, nikaishona upya mara nne mpaka ikaacha kunichubua. Nikaanza kufika Singe, halafu Nangara. Siku moja niliamua kutokunywa maji kabisa ili niwe mkavu. Nikaanguka kwenye shamba la mahindi la watu. Nesi alinigombeza kwenye simu mpaka Damiano akasikia: "Kunywa maji! Unataka figo ziende na zenyewe?"

Damiano hakupenda mbio zile. Alisema nitajiharibu, tutarudi kulekule. Tuligombana mara nyingi, na mara moja nilimkumbusha ile "nitafikiria" yake. Akasema, "Niliogopa. Sikujua cha kusema mbele ya mzee." Nikamwambia alipaswa kujua. Kesho yake alinisindikiza mpaka Nangara kwa baiskeli ya kuazima, anahema kuliko mimi.

Siku ya mbio nilikuwa naogopa jambo moja tu. Kuchoka sikukuogopa, na kuwa wa mwisho sikukuogopa. Niliogopa kwamba nikilowa mbele za watu, miguu yangu yenyewe itanigeuza kuelekea nyumbani, nijifungie tena. Nilijua nikirudi ndani kwa sababu hiyo, safari hii hakuna mila ya kusingizia wala mtu wa kunitoa.

Njia ilikuwa mzunguko mmoja unaokimbiwa mara mbili. Mzunguko wa kwanza nilimaliza mkavu. Wanawake waliosimama kando ya barabara walinipigia vigelegele, Mama Zuhura alitoka dukani akacheza katikati ya lami na mapaja yake manene. Mzunguko wa pili nilikuwa karibu peke yangu. Jua lilikuwa limepanda. Kwenye mteremko wa Nangara goti likacheza, nikajikwaa, nikabana, na nilipobana kukawa hakuna cha kubana. Hayakuwa matone. Ulitoka wote, kupitia tabaka zote tatu, mpaka ndani ya kiatu.

Nikasimama. Kulikuwa na kina mama wanauza mboga pembeni, wakageuka kunitazama. Gari la wagonjwa lililokuwa linafuata wa mwisho likanifikia, kijana wa huduma ya kwanza akafungua mlango.

"Mama, panda. Umejitahidi sana."

"Kimebaki kiasi gani?"

"Kama kilomita kumi na mbili. Panda tu, hakuna atakayekulaumu."

Kiti kilikuwa pale, na pazia dirishani. Nilikitaka kiti kile, sitasema uongo. Nilikuwa nimekasirika hata machozi yakawa yanatoka na makamasi. Nimepasuliwa mara mbili, nimebana mwaka mzima, nimeshona na kufumua, na bado! Nikamwuliza, "Nikilowa ndiyo nimevunja sheria ya mbio?" Akasema hapana, mama. Nikamwambia afunge mlango.

Nikaenda. Nilikimbia kidogo na kutembea zaidi, kiatu kinalia kwacha kwacha. Meza za maji zilikuwa zimeshaondolewa, Damiano akawa ananifuata na chupa, na kwa mara ya kwanza hakunishauri kitu.

Nilipofika uwanjani hapakuwa na mbio tena. Mgeni rasmi ameondoka, jukwaa limefunguliwa mabomba, utepe wa kumalizia umekunjwa. Mwenyekiti alinikimbilia. Alinipongeza, akanitazama kuanzia kiunoni kushuka chini, akahamishia macho kwenye miti. Akasema ushuhuda walimpa mtu mwingine, muda ulikuwa umekwisha, na medali pia zimekwisha, watanitumia. Sijaletewa mpaka leo. Nikakaa kwenye nyasi.

Mama mmoja wa makamo alikuwa anapanga viti vya plastiki. Akanisogelea na kiti.

"Shikamoo mama," nikamwambia.

"Marahaba. Kaa hapa mwanangu. Pole, umejimwagia maji?"

Ningeweza kusema ndiyo. Alikuwa amenipa jibu tayari, na wema wote.

"Hapana mama. Ni mkojo. Nilipata fistula nilipojifungua. Nimepasuliwa mara mbili, na nikikimbia sana bado navuja."

Akabaki ameshika kiti vilevile. Akaangalia kulia, akaangalia kushoto.

"Unatibiwa huo?"

"Unatibiwa. Mimi nilikuwa navuja usiku na mchana."

"Hospitali gani?" Sauti yake ilikuwa imebadilika. Nikamtazama vizuri.

"Anayeumwa ni nani, mama?"

"Binti yangu. Tangu mavuno. Anasema ana huzuni ya mtoto, hataki mtu aingie chumbani kwake. Mimi nafua shuka, nanyamaza."

"Yuko wapi?"

"Nyumbani, hapo nyuma ya uwanja. Nenda kwanza ukaoge, upumzike, utakuja hata kesho."

"Twende sasa hivi," nikasema, nikampa Damiano ishara atusubiri.

Miguu ilikuwa inakataa kuinama, nikashika bega lake njia nzima. Mlangoni niliisikia harufu ile, ningeitambua popote. Binti alikuwa amejikunja ukutani juu ya godoro, khanga mbili chini yake, moja juu. Hakuwa na zaidi ya miaka ishirini.

"Mama, nilisema sitaki mtu!" akapiga kelele. "Mtoe! Mwambie ninaumwa huzuni, atoke!"

"Sogea kidogo nikae," nikamwambia. "Na mimi nimelowa."

Akaitazama kaptula yangu. Akatazama kiatu, na alama nilizoacha sakafuni tangu mlangoni. Akanitazama usoni.

Akasogea.